Jiko Lisilotoa Moshi

Watu wakiniuliza jiko langu la kwanza lilikuwa na kasoro gani, huwajibu kwamba halikutoa moshi. Hucheka. Hudhani ni maringo ya fundi anayejisifu kwa kujishusha. Siwalaumu, maana wengi wanaoniuliza wametoka mahali ambapo moshi ni kero tu na basi. Kijijini kwetu, upande wa Nkololo, mambo hayakuwa hivyo.

Nchi ya kule ni tambarare na miti ilikwisha kitambo. Jioni ukisimama nje ya ua wako wa minyaa uliona miji yote, yaani kaya zote, hadi mbali, na kila mji ulikuwa na moshi wake ukipenya kwenye nyasi za paa. Tuliusoma moshi huo bila kufundishwa. Pale wamechelewa kuwasha, labda ng'ombe wamechelewa kurudi. Pale wana mgeni, moto ni mkubwa kuliko kawaida yao. Na yule mgonjwa leo kaamka, angalia, anapika. Nyumba isiyotoa moshi ilikuwa na maana mbili tu: wenyewe wamehama, au wenyewe wamekufa. Maana ya tatu niliileta mimi.

Niliolewa katika kijiji hicho miaka ile biashara ilipofunguliwa milango. Zamani pamba yote ilikwenda ushirika; sasa malori ya wanunuzi binafsi yalikuja hadi uwanjani, kila moja na mzani wake na kelele zake, na duka la ushirika likabaki kuuza kiberiti na vumbi. Mume wangu alipunguzwa kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Akakaa nyumbani msimu mmoja akiwa hasemi na mtu, kisha akaenda Mwanza kujaribu mitumba, akaniacha na mama yake.

Nilimwita mayu, yaani mama, kama Wasukuma wanavyowaita mama zao, na kila asubuhi nilimpigia magoti na kumwambia mwangaluka. Alikuwa mjane mwembamba, mwepesi wa utani, mwenye ulimi ambao hata mimi, ninayejijua kwa hasira zangu, nilikuwa nauogopa kidogo. Macho yake yalikuwa mekundu kabisa na yalitiririka machozi saa zote. Hapakuwa na ajabu. Tangu msichana alikuwa amepikia mavi makavu ya ng'ombe na mashina ya pamba ndani ya nyumba ya msonge isiyo na dirisha, akiinama kupuliza moto kwenye mafiga matatu. Wanawake wote wa rika lake walikuwa na macho yale yale.

Lakini Usukumani miaka hiyo bibi mwenye macho mekundu alitembea na hukumu usoni. Mtoto akifa ghafla, ng'ombe wakipukutika, mvua ikikata, watu walikwenda kwa mganga. Mganga alitaja mama mzee mwenye macho mekundu, na hapo hakuwa amekosea hata kidogo, kwa sababu wazee wote walikuwa nayo. Katika kijiji cha jirani walimkuta mmoja wao asubuhi, amekatwa mapanga mlangoni kwake, kibuyu cha maziwa kikiwa bado kimesimama kando yake bila kumwagika. Nilikwenda msibani. Hakuna aliyelia kwa sauti, na wanawake wazee waliokuja walikaa wote upande mmoja wa ua, wakitazama chini.

Niliogopa, nasema wazi. Siku ile nilirudi nyumbani nikamtazama mama mkwe wangu akipuliza moto, nikajua kwamba kama sitafanya kitu, siku moja nitamkuta na mimi mlangoni.

Ndiyo maana waliposema kuna semina ya wanawake Bariadi mjini, ya majiko sanifu, niliomba kwenda. Mwalimu wa semina alizungumza sana kuhusu miti. Alisema tukipunguza kuni tutaokoa misitu. Wanawake tulitazamana. Msitu gani? Sisi tulishaimaliza misitu, sasa tulikuwa tunapika kwa kinyesi. Hata hivyo alisema jambo moja lililonikaa: moshi ni kuni ambazo hazijaungua. Ukiona moshi, alisema, unaona chakula cha moto kinachotoroka. Nikalichukua neno hilo, miti nikamwachia mwenyewe.

Jiko alilotufundisha lilitungwa kwa ajili ya watu wenye magogo. Mdomo wake ulikuwa mpana. Ukitia mashina ya pamba yaliwaka mara moja na kuzima, nyumba ikajaa moshi kuliko hata ule wa mafiga. Nikaanza upya. Nilifinyanga, nikakausha, nikawasha, nikavunja, nikafinyanga tena, na mama mkwe akawa ananiuliza kama nyumbani kwetu nililelewa na nyigu. Mdomo nikaubana hadi ukapitisha ngumi tu. Ndani yake nikatengeneza rafu ya udongo ambapo mashina yalilala, na chini ya rafu nikaacha tundu, ili hewa ipite chini ya moto na siyo juu yake. Koo la jiko, yaani njia ya moto kutoka mdomoni kwenda kwenye chungu, nikalisimamisha na kulirefusha, ili moshi upate nafasi ya kuungua kabla haujafika juu. Udongo ulikuwa wa kichuguu, na nikauchanganya na pumba za mpunga kutoka Kalemela; zikishaungua pumba huacha vitundu, na vitundu hivyo hushika joto. Chungu nacho nikakizamisha hadi mabegani, kikabaki na nafasi ya upana wa kidole cha mwisho kati yake na ukuta. Bomba sikuweka. Bomba hubeba joto likalitupa nje, na chini ya paa la nyasi ni kualika msiba.

Siku lilipokubali nilikuwa nimechemsha michembe, viazi vikavu vile visivyoiva kwa moto wa mchezo. Nilitia mashina machache. Moto uliingia ndani ya koo, ukanyooka, ukawa safi, na hapakuwa na moshi. Nilitazama darini, nikatoka nje nikatazama paa. Hakuna. Nikarudi ndani nikaanza kucheka peke yangu kama mwendawazimu.

Mama mkwe hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Kwa kuwa koo lile lilivuta hewa kwa nguvu, jiko lilikuwa na sauti, nzito, ya chini, ikipanda na kushuka.

"Linapumua," alisema.

"Ni hewa, mayu."

"Nimesema linapumua. Sijasema ni nini."

Moto ulipoisha sauti haikuisha hapo hapo. Udongo ulikuwa bado wa moto na hewa iliendelea kupita, kwa hiyo jiko liliendelea kupumua ndani ya giza la nyumba, polepole, kwa muda mrefu baada ya sisi kumaliza kula. Tulilizoea. Mimi nililizoea kabla yake.

Macho ya mama mkwe yalianza kukauka kabla pamba haijachanua. Kwanza machozi yalikoma. Kisha wekundu ukaanza kurudi nyuma kuelekea pembeni, kila siku kidogo, hadi asubuhi moja nilipopiga magoti kumwamkia nikakuta ananitazama kwa macho meupe. Nilishtuka. Sikuwahi kuyaona. Uso ule wa kizee wenye makunyanzi ulikuwa na macho ya mtu mwingine ndani yake, mtu kijana, na yalikuwa hayapepesi.

"Kumbe ndivyo ulivyo," aliniambia.

Alifurahi, na furaha yake ndiyo iliyoanza kututia matatani. Kwa miaka mingi alikuwa anawaona watu kama vivuli mpaka wamfikie. Sasa alikaa mlangoni akawaona wakiwa bado wako mbali, kule njia inapoachana na ya kwenda mnadani, na kwa kuwa alikuwa mtu wa utani akawapigia salamu kwa majina kabla wao hawajamwona yeye. Mwadila! alisema, ndiyo salamu ya mchana, akataja na jina, na mtu alisimama njiani akageuka huku na huku. Nilimwona mwanamume mzima akiacha njia na kukatiza shamba la mtama ili asipite mbele ya ua wetu.

Jirani yetu alikuwa mwanamke wa umri wangu, ua wake na wetu ulitenganishwa na mstari mmoja wa minyaa. Desturi ilikuwa mtu moto ukizima kwake anakuja na kigae kuomba kaa kwa jirani. Hakuna anayenyima moto. Kumnyima mtu moto ni kumwambia kwamba huyu si mwenzangu. Jioni moja akaja.

"Nimekuja kuomba moto," alisema.

"Kaa hakuna, dada. Jiko hili halibakizi. Yanaungua yote yanakuwa majivu."

Alitazama chungu. Kilikuwa kinachemka, kifuniko kinaruka. Akatazama darini, kisha sakafuni, kisha akamtazama mama mkwe wangu aliyekuwa amekaa kimya pembeni na macho yake meupe. Jiko likapumua.

"Chungu kinachemka halafu moto hakuna?"

"Njoo nikuonyeshe," nilimwambia, nikamshika mkono. "Hewa inaingia huku chini, inapita hapa, inatokea..."

"Kinaingia nini?"

"Hewa."

Alitoa mkono wake kwenye mkono wangu. Akatoka. Alipofika kwenye minyaa nilimwona anakimbia, na kigae chake kilianguka njiani kikabaki pale. Hakurudi kukiokota.

Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Hawakusema palipo na moto bila moshi pana nini, kwa hiyo kijiji kikajijazia chenyewe. Ilisemekana kwamba mama mkwe wangu anapikiwa na misukule, watu wake aliowaficha ndani, na kwamba wapitao jioni wanawasikia wakihema. Sikuambiwa na mtu. Niliisikia kisimani, kwa wanawake waliokuwa wamenipa mgongo, na niliposogea wakanyamaza, na ndoo ya mmoja ikaendelea kujaa hadi ikamwagika kwa sababu hakuna aliyetaka kusogeza mkono.

Kisha ukaja ule upepo wa kiangazi wenye vumbi na nzi, na mtoto wa jirani akaamka macho yamevimba, yamegandamana kwa tongotongo, mekundu. Siku chache baadaye akafuata wa pili, halafu mama yao mwenyewe, halafu nyumba ya pili yake. Ni ugonjwa wa macho, kila kiangazi ulikuwepo. Lakini mwaka ule kijiji kilikuwa na hesabu nyingine. Bibi alikuwa na macho mekundu, sasa hana. Wekundu ameupeleka wapi?

Siku nilipolielewa swali hilo nilipanda lori la pamba hadi Bariadi, nikanunua dawa ya macho ya kupaka kwenye moja ya maduka ya dawa yaliyokuwa yamefunguliwa wakati ule, nikampelekea jirani. Aliipokea kwa ncha za vidole. Kesho yake niliikuta kwenye minyaa, upande wetu, imesimamishwa kwenye uma wa tawi, haijafunguliwa, na imepakwa majivu. Nilitukana kwa sauti, tusi ambalo siliandiki hapa. Niliwasikia watoto wake nyuma ya ua, na walikuwa karibu sana.

Kuanzia hapo hatukusalimiwa. Nilipiga magoti kwa wazee, wakapita. Mbwa tu ndio waliokuja kwetu.

Aliyetuletea habari alikuwa kiongozi wa walinzi wa kijiji, ambaye kwa cheo chake aliitwa ntemi. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulinitisha kuliko kama angefoka. Hakuingia ndani ya ua. Alisimama nje ya minyaa, saa ya mchana, jua kali, akazungumza huku anatazama pembeni.

"Pamba ikishauzwa dagashida itakaa," alisema. Dagashida ni mkutano wa kijiji wa kuamua kesi. "Mama aje. Itakaa jua likiwa juu, ili macho yaonekane vizuri."

"Na mkishayaona?" nilimwuliza.

"Ng'wanawane," alisema, mwanangu, "mimi ni wa kuita watu tu."

Nilijua ni nini kinachofuata. Waliokutwa na hatia walifukuzwa, na hiyo ndiyo iliyoitwa huruma. Walitoka na kitenge na kibuyu, wakashika njia ya kwenda kwa ndugu zao, Lingeka au kwingineko, na kati yao wapo ambao hawakufika walikokuwa wanakwenda, na hakuna aliyeuliza.

Nilimwambia mama mkwe twende Mwanza kwa mwanawe, tuondoke alfajiri. Alikuwa anachambua mlenda, hakuinua kichwa.

"Anayekimbia ndiye," alisema.

"Basi nitawaeleza. Nitawawashia jiko mbele yao."

"Ulimweleza jirani. Akakimbia akaacha kigae." Akanitazama kwa yale macho yake mapya. "Jiko lako ni zuri. Usilieleze tena."

Baada ya hapo alibadilika. Aliniambia niende shamba peke yangu, yeye miguu inamuuma. Alikuwa ananiharakisha asubuhi. Nikawa nakwenda kung'oa mashina ya pamba, maana bwana shamba alitaka yaondolewe yote yasibakize wadudu, na niliporudi jioni nyumba ilikuwa na harufu ambayo sikuwa nimeisikia tangu masika. Nilidhani inatoka kwa majirani. Macho yake niliyaona yana wekundu kwa mbali, na nikasema moyoni kwamba ameambukizwa ule ugonjwa. Yeye alikuwa anakaa gizani zaidi kuliko zamani, uso ameuelekeza ukutani.

Siku moja jembe lilinivunjikia, nikarudi saa sita mchana. Nilipokaribia niliona nyumba yetu inatoa moshi. Haukuwa moshi wa kupika. Ulikuwa mzito, wa njano, unatoka kwenye paa lote kwa pamoja, kwenye nyasi, chini ya upenu, kwenye nyufa za ukuta, na mlango ulikuwa umefungwa. Upepo ulikuwa umekufa. Hapakuwa na kelele yoyote, wala mtu yeyote aliyekuja kuzima, ingawa kijiji kizima kilikuwa kinauona.

Niliusukuma mlango kwa bega. Sikuona kitu. Nilipiga magoti, nikatambaa, na chini kabisa, hewa ilipokuwa nyepesi kidogo, nikamwona. Alikuwa ameyarudisha mafiga matatu niliyoyatupa nje. Katikati yake alikuwa amerundika mavi mabichi ya ng'ombe na nyasi mbichi, hayawaki, yanafuka tu. Alikuwa ameinama juu yake, uso karibu ugusane na lile rundo, na kwa vidole vyake alikuwa anajishikilia kope, jicho moja, kisha la pili, ili yasifumbe. Hakuwa anakohoa. Alikuwa anaimba kwa sauti ya chini wimbo wa kupalilia.

Nilimshika nikamburuta nje. Nilikuwa nalia na kumfokea kwa pamoja. Nilimwambia ni mjinga, kitu ambacho hakuna mkwe amewahi kumwambia mama mkwe wake akabaki salama. Aliniacha nimalize. Macho yake yalikuwa mabaya kuliko nilivyowahi kuyaona.

"Nilikutengenezea jiko ili wasikuue!" nilimwambia.

"Najua."

"Wanawaua wenye macho mekundu, mayu!"

"Wanaua mmoja mmoja," alisema. Alikuwa anatafuta uso wangu kwa mkono. "Wenye macho mekundu tuko wengi. Mwenye meupe niko peke yangu."

Nilichota maji nikamwosha macho.

Dagashida ilikaa kwenye uwanja wa mashine ya kusaga. Mashine ilizimwa. Walisimama duara, wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili, na wanawake wazee walikuwa wamejibana pamoja mwishoni. Nilimwongoza kwa mkono hadi katikati, kwa sababu sasa hakuwa anaiona njia. Ntemi alimshika kidevu kwa adabu, akakielekeza kwenye jua, akamwinua ukope. Alitazama kwa muda. Kisha akarudi nyuma hatua moja.

"Ni mekundu," alisema.

Mama mkwe alizungumza, na sauti yake ilifika hadi mwisho wa uwanja.

"Mtoto huyu alikwenda mjini akarudi na jiko. Hakujua. Lile jiko lilikula moshi wangu, likala na macho yangu, likawapa nyinyi. Nilipolijua nikalikataa. Nimerudi kwenye mafiga ya mama zetu. Tazameni kama hayakurudi kwangu. Tazameni na ya watoto wenu."

Halafu jirani yetu, kutoka upande wa wanawake, akasema polepole, "Wa kwangu wamepona. Tangu juzi."

"Na wa kwangu," mwingine akasema.

"Na mimi."

Ugonjwa wa macho huwa unaisha wenyewe. Nilijua hivyo, nimejua hivyo siku zote. Lakini pale uwanjani, zile sauti zikiitikiana moja baada ya nyingine, na yule mama amesimama na macho yanayovuja damu na machozi, kwa muda mfupi hata mimi niliamini.

Hukumu ilitolewa kwa jiko. Walitufuata hadi nyumbani, wakasimama nje ya minyaa, na ntemi akanipa jembe. Niliingia peke yangu. Lilikuwa halijawashwa tangu siku nilipomkuta kwenye moshi, lakini nilipolipiga pigo la kwanza na ukuta ukafunguka, nikatia mkono kuutoa udongo wa ndani, ulikuwa na uvuguvugu. Ni jua, nilijiambia. Jua lilikuwa linapiga upande ule wa nyumba. Nililivunja lote, rafu, koo na mdomo, na kila pigo nililitolea jina la mtu aliyekuwa nje. Vipande hakuna aliyetaka kuvibeba. Nilivibeba mwenyewe hadi kwenye shimo tulilochimbia udongo.

Nilipotoka walikuwa wanamsalimia. Mwadila mayu, mwadila mayu, wanapiga magoti, wanamshika mikono, wengine wanacheka kwa machozi. Walikuwa wamepata nafuu. Nilielewa kwamba hata wao walikuwa wanaogopa, pengine kuliko sisi, na bado nilitaka kuwatemea mate wote.

Nilimsihi miaka yote iliyofuata. Nilimwambia nitajenga lingine, nitaweka bomba, moshi utatoka juu ya paa kila mtu auone, ila tu usipite machoni. Alikataa, akaendelea na mafiga. Macho yakazidi kuziba mpaka akawa haoni hata mwanga wa mlango. Kwingine nimejenga majiko mengi, hadi ziwani, na sijawahi kujenga hata moja bila bomba. Wataalamu huniambia bomba langu linapoteza joto, lifupishwe au liondolewe. Ni kweli linapoteza. Huwa nawaitikia, kisha najenga bomba.

Mama mkwe wangu alikufa kitandani kwake, kwa uzee, mlango ukiwa wazi, na kijiji kizima kikija kumjulia hali. Kwa mwanamke wa rika lake upande ule ilikuwa bahati, na aliilipia mwenyewe. Jirani alikuja kunisaidia kumwosha. Mwishoni alimfumba macho kwa kidole gumba, taratibu, akayashikilia hadi yalipotulia.

"Alikuwa mwenzetu," alisema, na alilia kwa moyo wake wote.

Nilimtazama. Alikuwa amezeeka na yeye, tumezeeka wote, ila mimi kwa miaka mingi nilikuwa napikia jiko lenye bomba Bariadi mjini, alikohamia mume wangu aliporudi kutoka Mwanza. Machozi yalikuwa yamekwisha lakini macho yake yalibaki mekundu, na nikaelewa kwamba hayakuwa mekundu kwa ajili ya msiba. Hasira zote nilizokuwa nimezitunza hazikunisaidia kitu. Nilimwambia nitakuja kumjengea jiko, bila kutaka chochote, na litakuwa na bomba, moshi utaonekana.

Alikaza kitenge chake kiunoni. Akatazama mlangoni kuona kama kuna aliyesikia.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, "nimekukosea nini mimi?"